Asali ya kupaka: kwa nini yangu imetoka na chenga wakati ya wenzangu ni laini kama siagi?

#1 Mama Mizinga (Moshi)
Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa wanaojua, maana nimeshapata hasara na sitaki kuirudia.

Nina mizinga 22. Mingi iko Kibosho kwenye migomba na kahawa ya wazee, mingine iko Kahe kwa ndugu yangu. Miaka yote nauza asali ya maji. Mwanzoni mwa mwaka huu mpishi wa hoteli moja ya Arusha akanionjesha asali ya kupaka. Rangi yake nyeupe ya maziwa, kisu kinapita kama kwenye siagi, ukiinamisha kopo haimwagiki, ukiiweka ulimini inayeyuka husikii punje hata moja. Akaniuliza kama naweza kumletea makopo 40 ya nusu kilo. Nikamwambia naweza.

Nilichukua ndoo ya lita 20 ya asali ya maji, iliyochujwa mara mbili kwa kitambaa. Nikatia kilo 2 za asali iliyokwisha kuganda, iwe mbegu ya kuigandisha ile ya maji, kwa hesabu kwamba hiyo ni asilimia 10. Nikakoroga kwa mwiko asubuhi na jioni siku nne, nikajaza makopo. Nilitarajia makopo 44, nikapata 58, nikamshukuru Mungu. Nikayapanga stoo kwangu Pasua, yakakaa wiki tatu.

Nilipofungua, chini imekuwa ngumu hadi kijiko kinapinda. Ukitafuna unasikia chenga zinakatika kwenye meno. Juu imeelea asali ya maji, unene wa kidole. Mpishi alipokea 40, amerudisha 37. Hakusema neno baya, alinipa kijiko tu akaniambia nionje mwenyewe.

Nimekosea wapi?

#2 Pita Njia
Dada pole. Lakini kuganda kwenyewe ndilo tatizo. Asali halisi haigandi. Ikiganda ujue nyuki wamelishwa sukari au kuna mtu amechakachua. Sisi nyumbani tunapima kwa njiti ya kiberiti: ichovye kwenye asali, iwashe, ikiwaka ni halisi.

#3 Mwalimu wa Kemia (Arusha)
Pita Njia, nakurekebisha kwa nia njema, kwa sababu maneno haya yanawakosesha wafugaji wateja kila siku. Karibu kila asali halisi huganda ikikaa. Ndani yake mna sukari mbili kubwa, glukosi na fruktosi, kwenye maji kidogo, kawaida chini ya asilimia 20. Glukosi ni nyingi kuliko inavyoweza kubebwa na maji hayo, kwa hiyo inajitenga na kujijenga kuwa fuwele, yaani punje ngumu. Fruktosi inabaki majimaji. Kadiri glukosi inavyoyazidi maji yake, ndivyo asali inavyoelekea kuganda haraka. Njiti ya kiberiti inakuambia tu kama kichwa cha njiti kimelowa. Sharubati nzito ya sukari nayo inaweza kukuacha uwashe. Kipimo cha sisimizi na cha glasi ya maji ni hivyo hivyo. Uchakachuaji unapimwa maabara.

Mama Mizinga, kwako wewe kuganda ndiyo lengo, suala ni ukubwa wa fuwele. Zikianza chache, zinapata nafasi ya kukua mpaka meno yanazisikia. Zikianza nyingi kwa pamoja zinagawana glukosi iliyopo, kila moja inabaki ndogo kiasi kwamba ulimi hauihisi. Kwa nini zako zilianza chache, sitaki kubahatisha kabla hujatuambia mbegu yako ilikuwaje.

#4 Chalii wa Sakina (Arusha)
Mimi nasema joto. Stoo ya Pasua ina bati? Ilikuwa mwezi gani? Asali inaganda vizuri zaidi kwenye nyuzi 14. Ikipita 25 inazubaa. Ikifika thelathini na kitu zile fuwele ndogo zinaanza kuyeyuka, halafu usiku kukipoa glukosi yake inaenda kujishika kwenye zile kubwa zilizobaki. Kesho yake tena. Ndogo zinakufa, kubwa zinanenepa.

Mimi hapa Sakina mwezi wa 6 na wa 7 natoa asali laini bila mashine yoyote. Ndoo iko kwenye sakafu ya saruji, chumba cha nyuma kisichopigwa jua, na asubuhi kipimajoto kinasoma kati ya 13 na 15. Mama aje Arusha tumpe baridi.

#5 Binti Kiboriloni (Moshi)
Chalii, mnaringia baridi kama mmeitengeneza nyinyi. Sisi tuna mlima wenye barafu juu ya vichwa vyetu.

#6 Fundi Nta (Usa River)
Nafuga mwaka wa 14 sasa. Joto lina mchango wake, ila mimi nauliza swali moja tu. Mama, mbegu uliisaga?

Asali mpya inaiga mbegu uliyoipa. Ukiipa chenga kubwa unavuna chenga kubwa. Mimi mbegu naisaga vijiko vitatu vitatu kwenye kinu kidogo cha jiwe, kile cha viungo. Mwanzo inalia krr krr kama unasaga chumvi. Unaendelea, mkono unachoka, baada ya dakika kumi hivi sauti inapungua, kisha kinu kinanyamaza kabisa. Rangi inatoka kwenye njano inakuwa nyeupe, na ukiinua mchi inavutika kama dawa ya meno. Hapo chukua tone, libane kati ya ulimi na kaakaa, lisugue. Ukihisi hata punje moja, rudi kwenye kinu. Na kinu kiwe kikavu kabisa, maji hayatakiwi.

Ukishapata mbegu nzuri mara moja, unatunza kopo moja la kila mkupuo kuwa mbegu ya mkupuo unaofuata. Mbegu yangu ya sasa nimeirithisha hivyo miaka mitatu, kinu kimekaa juu ya kabati.

#7 Mama Mizinga
Fundi, sikuisaga. Niliichota chini ya ndoo ya zamani, ilikuwa na chenga kweli. Nilidhani zitayeyuka zikikutana na asali ya maji.

Chalii, ilikuwa mwezi wa pili. Na ndiyo, ni bati.

#8 Chalii wa Sakina
Mwezi wa pili, Moshi, chini ya bati! Jamani, mnatafuta nini tena?

#9 Fundi Nta
Tunatafuta sababu. Mimi mwaka juzi nilitoa asali laini mwezi wa pili huku huku Usa River, na huku nako mwezi huo kuna joto. Ilichelewa tu, karibu wiki tano badala ya wiki moja na nusu. Chenga hazikuwepo.

#10 Shemeji wa Siha (Sanya Juu)
Naomba mrudi bandiko #1, kuna kitu kimepita mbele ya macho yenu wote. Mama anasema alitarajia makopo 44 akapata 58.

Lita 20 za asali si kilo 20. Asali ni nzito kuliko maji, lita moja ina karibu kilo 1.4. Ndoo ile ilikuwa na kilo 28. Jumlisha mbegu kilo 2 unapata 30, toa iliyobaki kwenye ndoo na mwiko, hayo ndiyo makopo 58. Kwa hiyo mbegu haikuwa asilimia 10, ilikuwa kama 7 tu. Na aliwahi kuiuzia hoteli kwa hesabu gani, ya lita au ya kilo? Kama bei aliipiga kwa lita amejipunja hata kabla ya chenga.

#11 Mama Mizinga
Yeleuwi. Shemeji, umenifungua macho. Bei niliipiga kwa kilo kumbe gharama niliihesabu kwa lita. Asante sana. Hilo la mbegu pungufu linatosha kuleta chenga?

#12 Fundi Nta
Halitoshi. Asilimia 5 ya mbegu iliyosagwa vizuri inafanya kazi. Asilimia 20 ya chenga bado ni chenga.

#13 Alizeti Babati
Natokea Babati ila mzigo nauza Arusha, soko la Kilombero, kwa hiyo nimo. Hamjamuuliza maua gani. Asali ya alizeti inaganda haraka mno, wakati mwingine wiki mbili tu tangu kurina, hata kwenye masega ukichelewa. Inaganda yenyewe, haikusubiri wewe na mwiko wako. Hiyo ukiiwahi na mbegu laini inakuwa siagi. Ukiichelewesha siku chache imeshajianzia fuwele zake yenyewe, na mbegu yako haina kazi tena. Kahe na kandokando yake kuna watu wanalima alizeti. Asali ya kahawa na ya misitu ya Kibosho ni nyingine kabisa. Mama alichanganya za sehemu mbili kwenye ndoo moja?

#14 Mama Mizinga
Nilichanganya. Nusu Kibosho nusu Kahe.

#15 Mrina Same
Ndiyo maana mimi nasema asali ya kupaka si ya kila mtu. Huku kwetu ni migunga mitupu, ile miti ya akasia, na nimesoma mtandaoni kwamba asali ya akasia haigandi hata ikae mwaka. Sasa mimi nikitaka ya kupaka nitafanyaje?

#16 Mwalimu wa Kemia
Mrina, hapo kuna majina mawili yamegongana. Hiyo wanayoiita asali ya akasia Ulaya inatoka kwenye mti unaoitwa Robinia, asili yake Marekani ya Kaskazini, si mgunga wetu. Fruktosi yake inaizidi glukosi kwa mbali kuliko kwenye asali nyingi, ndiyo maana inakaa majimaji muda mrefu. Mgunga wa Same ni mti mwingine. Usiitegemee sifa ya jirani, angalia ndoo yako mwenyewe.

#17 Mrina Same
Kwa kweli ndoo yangu ya mwaka jana imeganda. Nilidhani mwanangu kaipunguza akajazia sukari. Inabidi nimwombe radhi.

#18 Binti Kiboriloni
Mwombe leo leo, na kopo la asali mkononi.

#19 Dada wa Tengeru
Nasikitika hamjagusa maji, wakati ile asali iliyoelea juu ndiyo inayonitisha mimi.

Mwaka uliopita nilipata hasara ya aina hiyo. Makopo 30 ya asali laini kabisa, chenga hakuna, nimefurahi. Wiki ya sita mteja mmoja wa Soko Kuu ananipigia kwamba vifuniko vimevimba. Nikaenda. Nikafungua kimoja, kikatoa pumzi kama soda, povu likapanda taratibu mpaka kwenye vidole vyangu. Harufu ya mbege, ile pombe ya ndizi. Nilikaa chini palepale kwenye gunia la muuzaji wa mchele, miguu ilikataa.

Niliyekwenda kumuuliza alinieleza hivi. Glukosi ikiganda haichukui maji mengi, mengine inayaacha nje. Kwa hiyo ule umajimaji uliobaki katikati ya fuwele unakuwa mwepesi kuliko asali uliyoanza nayo. Hamira za asili zilizomo kwenye asali zilikuwa zimelala kwa sababu ya uzito wa sukari, sasa zinapata maji, zinaamka. Asali ya maji yenye asilimia 19 inaweza kukaa salama. Hiyo hiyo ukiigandisha inachacha. Ya kupaka inataka 18 kushuka.

Mama, ile iliyoelea juu isikie harufu kabla hujaila.

#20 Fundi Nta
Dada kasema kweli tupu. Mimi sianzi bila refraktomita, kifaa cha kupima maji kwenye asali. Tone moja kwenye kioo, unaangalia kwenye mwanga, unasoma. Nataka 17.5 hadi 18. Ikizidi nasubiri au naiuza ya maji. Ikishuka chini ya 17 inaganda kama tofali, hiyo ya kupaka haiwi, inakuwa ya kukata.

Mama, Kahe ulirina masega yaliyozibwa? Yaliyo wazi asali yake bado ina maji mengi.

#21 Mama Mizinga
Kahe anarina ndugu yangu. Nimempigia sasa hivi. Anasema mengine yalikuwa wazi, aliogopa nyuki wasihame.

Harufu nimeisikia. Haijachacha, bado ni asali. Nimeshukuru.

#22 Kaka wa Kijenge
Jamani mbona mnazunguka, hii kazi ina kanuni yake tangu zamani. Kuna Mkanada aliyeitwa Elton Dyce, alifundisha Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, akapata hataza ya njia hii mwaka 1935. Unapasha asali hadi nyuzi 49, unachuja, unapandisha hadi 66 kwa muda mfupi tu, unachuja tena, unaipoza haraka mpaka kama 24. Hapo ndipo unatia mbegu laini asilimia 5 hadi 10, unajaza makopo, unayaweka penye nyuzi 14 kama wiki moja. Kupasha kunayeyusha kila fuwele iliyojianzia yenyewe na kunaua hamira. Kwa hiyo chenga na kuchacha vyote vinakwisha kwa mkupuo mmoja. Mama hakupasha, basi.

#23 Mpishi Njiro
Mimi ni mpishi, ingawa si yule aliyerudisha makopo. Wageni wetu wanauliza kama asali ni mbichi. Nikiwaambia imepita nyuzi 66 wanarudisha kijiko mezani. Na mimi mwenyewe harufu ya ua inapotea, nimeshalinganisha zote mbili kwenye mkate wa moto. Heri chenga kidogo kuliko asali isiyo na harufu ya ilikotoka.

#24 Kaka wa Kijenge
Mkuu, heri chenga? Mama kapoteza makopo 37 kwa hizo chenga.

#25 Mwalimu wa Kemia
Wote mna haki. Joto linaongeza kitu kinaitwa HMF kwenye asali, kemikali inayotokana na sukari kupata joto, na ndicho wanunuzi wa nje wanakiangalia. Kiwango cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, ni miligramu 40 kwa kilo, na 80 kwa asali za nchi za joto kama yetu. Lakini dakika chache za nyuzi 66 kisha kupoza haraka hazileti madhara makubwa kama miezi sita chini ya bati. Kinachoharibu zaidi ni sufuria la asali kuachwa juu ya mkaa bila mtu. Anayepasha aweke sufuria ndani ya maji ya moto, akoroge, awe na kipimajoto mkononi.

#26 Meku wa Marangu
Wanangu hamjambo. Nimesoma kuanzia juu hadi hapa.

Mimi sina friji la kazi hiyo wala Sakina. Nina mfongo, mfereji wetu wa maji, unaopita nyuma ya nyumba, maji yanashuka kutoka msituni. Nilichimba kishimo pembeni, nikapanga mawe, ndoo inakaa humo imezama hadi shingoni, juu jani la mgomba na jiwe. Kipimajoto cha mjukuu wangu kilisoma 16 asubuhi na 17 mchana. Mchana na usiku havipishani, na hilo ndilo naliona kubwa kuliko hiyo 14 yenu. Asali inapenda kutosumbuliwa na joto la kupanda na kushuka.

Natia mbegu, nakoroga mara mbili kwa siku kwa siku tatu kwa mwiko mrefu ule wa mbege, uliooshwa na kukaushwa juani. Nakoroga taratibu, mwiko usitoke juu ya asali, ukitoka unaingiza hewa. Siku ya kwanza inaangaza kama chai ya rangi. Siku ya pili ukiingiza mwiko unaona wingu. Siku ya tatu mwiko hauonekani tena. Hapo najaza makopo upesi kabla haijanikatalia.

#27 Chalii wa Sakina
Shikamoo Meku. Sasa siku ya zamu ya maji ya jirani ndoo inabaki kwenye tope?

#28 Meku wa Marangu
Marahaba. Jirani ananiachia kijito kidogo, na mimi namwachia kopo.

#29 Binti Kiboriloni
Umeona Chalii? Mlima huo.

#30 Pita Njia
Naomba kuuliza, na nakubali niliyorekebishwa. Kwa nini asitumie friza tu? Baridi ikizidi si itaganda haraka zaidi?

#31 Alizeti Babati
Inakuwa kinyume. Friza inaifanya asali iwe nzito mpaka glukosi haisogei, haigandi hata. Mimi masega nikitaka yabaki ya maji hadi mwezi wa 12 nayaweka friza. Hata friji ya kawaida ya nyuzi 4 inachelewesha.

#32 Mama Tunu (Ngaramtoni)
Nimependa mjadala. Mimi nina nyuki wadogo wasiouma kwenye ukuta wa nyumba. Asali yao inaweza kuwa ya kupaka?

#33 Fundi Nta
Mama Tunu, ile ni nyepesi, maji yake yanazidi sana asali ya nyuki wakubwa, na ina uchachu wake wa asili. Usiigandishe. Iuze kama ilivyo, bei yake ni mara kadhaa ya hii yetu.

#34 Dada wa Tengeru
Na kwa kuwa umetaja nyumbani: asali ya aina yoyote, ya maji au ya kupaka, mtoto asipewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Naona bado watu wanawalambisha vichanga. Kuna vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima linavimudu, la kichanga haliwezi. Naomba hili lisipite.

#35 Mama Mizinga
MREJESHO. Samahani kwa kukaa kimya wiki tano.

Nimefanya majaribio kwa ndoo ndogo tatu, kila moja asali kilo 6 na mbegu gramu 600, safari hii kwa mizani. Asali yote ni ya Kibosho, masega yaliyozibwa. Nimeazima refraktomita, ikasoma 17.6. Sijapasha.

Ndoo ya kwanza, mbegu iliyosagwa, ilikaa Pasua. Niliifunga magunia yaliyoloweshwa nikaweka kwenye upepo wa veranda, naongeza maji asubuhi na mchana. Imetoka laini kabisa, hakuna punje, lakini ni legelege kama uji mzito. Ukiinamisha kopo inatambaa.

Ndoo ya pili, mbegu ile ile iliyosagwa, nilipeleka Kibosho chumba cha chini kwa mama. Laini, nyeupe, punje hakuna. Ila ngumu, ilibidi niikalishe karibu na jiko hadi ilegee nikaikoroga tena ndipo kisu kikapita.

Ndoo ya tatu, mbegu isiyosagwa, nayo Kibosho. Ina chenga, lakini ndogo kuliko zile za mwezi wa pili. Mama yangu anaipenda hiyo kuliko zote, anasema anasikia anakula kitu.

Kinu nimekinunua Mbuyuni. Fundi, kweli kinanyamaza. Nilikuwa peke yangu jikoni usiku, redio imezimwa, kikanyamaza, nikasimama nikacheka.

#36 Fundi Nta
Ndoo ya kwanza na ya pili laini, ya tatu chenga. Mbegu.

#37 Chalii wa Sakina
Subiri kwanza. Ya tatu ina mbegu mbovu ile ile ya mwezi wa pili na bado chenga zimepungua, kwa sababu ilikaa penye baridi. Na ya kwanza imelegea kwa sababu Pasua, hata na magunia, haijafika 14. Joto.

#38 Shemeji wa Siha
Chenga zimepungua pia kwa sababu sasa mbegu ni asilimia 9 ya kweli ya jumla, si 7. Amepima kwa mizani.

#39 Alizeti Babati
Na asali ya Kahe haimo kabisa safari hii. Mmeondoa maua, halafu mnasema maua hayahusiki?

#40 Dada wa Tengeru
Na hakuna hata moja iliyoachia maji juu. Masega yalikuwa yamezibwa. Hilo mimi nalishika.

#41 Kaka wa Kijenge
Angepasha ndoo ya nne tungejua.

#42 Mwalimu wa Kemia
Kaka, kwa hilo nakuunga mkono. Na mwezi wa pili si mwezi wa sita, hata Pasua yenyewe imepoa sasa. Mama, ukipata nafasi rudia mwezi wa pili ujao na asali ya Kahe peke yake, mbegu iliyosagwa, ndoo moja upashe nyingine usipashe. Mimi nitakuja na kipimajoto changu.

#43 Mpishi Njiro
Mama, ile ya pili, ngumu kidogo, kwa mkate wa moto ndiyo yenyewe. Mkate unaimalizia kazi. Ile ya kwanza weka kwenye makopo ya kubinya. Usitupe yoyote.

#44 Binti Kiboriloni
Mimi swali langu dogo. Makopo yangu ya kioo yamefanya mistari myeupe ukutani kama baridi ya dirishani, ndani ni laini. Imeharibika?

#45 Fundi Nta
Haijaharibika. Asali ikiganda inajikunja kidogo na kuachia ukuta wa kopo, hewa inaingia, fuwele za pale zinakauka nyeupe. Inatokea zaidi penye baridi. Ukijaza kopo lililopashwa kidogo inapungua. Ladha ni ile ile, lakini waambie wateja mapema kabla hawajakuuliza.

#46 Mama Mizinga
Nimempelekea yule mpishi kopo moja moja la kila ndoo, bila kumwambia lipi ni lipi. Amechagua ya tatu kwa chai na ya pili kwa mkate. Anataka 20 za pili mwisho wa mwezi.

Meku, naomba kuja Marangu Jumamosi kuuona huo mfongo. Nije na ndoo?

#47 Meku wa Marangu
Njoo nayo mwanangu, na mwiko. Kishimo nitakipanua ziingie mbili.